Uzinduzi wa Mfumo Endeshi kwa Soko la Dunia na Nafasi ya Kiswahili: Uhakiki kutoka Mururu, Rusizi

Ikisiri

Tarehe 29 Julai 2015 kampuni ya Microsoft ilizindua mfumo endeshi wa Windows 10 katika nchi 190, na mkuu wake, Satya Nadella, aliiadhimisha siku hiyo nchini Kenya. Miaka sita baadaye Windows 11 ilizinduliwa bila kiolesura cha Kiswahili wala cha Kinyarwanda. Makala haya yanayahakiki matukio hayo mawili yakitazamwa kutoka Mururu, sekta ya mpakani katika wilaya ya Rusizi, ambako Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza hukutana. Hoja kuu ni kwamba sisi wataalamu wa Kiswahili tumehakiki istilahi za kompyuta kwa bidii, lakini hatukuhakiki ahadi iliyozibeba istilahi hizo. Lugha iliingizwa katika mfumo kama hisani, na hisani huondolewa bila maelezo. Makala yanapendekeza hatua zinazoweza kuigeuza hisani hiyo kuwa wajibu.

1.0 Utangulizi

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiongoza kompyuta: huwasha mashine, hupokea amri za mtumiaji, huzigawia programu nyingine kumbukumbu na nafasi, na huzungumza na mtumiaji kupitia kiolesura, yaani menyu, vitufe, ujumbe na maonyo yanayoonekana kwenye skrini. Kwa mtu wa kawaida kiolesura ndicho kompyuta yenyewe. Kwa hiyo swali la lugha ya kiolesura ni swali la nani anaruhusiwa kuielewa mashine anayoitumia.

Uhakiki huu umechagua mahali pake pa kutazamia kwa sababu mahususi. Mururu ipo kando ya mto Rusizi, jirani na mji wa Kamembe, na ng'ambo ya mto upo mji wa Bukavu. Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya biashara na ya ujirani na Wakongo, na tangu mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipopitisha sheria husika, ni lugha rasmi ya nchi pia. Wazee waliosoma wanasoma Kifaransa, ilhali vijana wamefundishwa kwa Kiingereza tangu nchi ilipobadili lugha ya kufundishia mwishoni mwa muongo wa 2000. Mfumo unaodai kuihudumia dunia hauna budi kupimwa mahali kama hapa, ambapo lugha, nchi na mtumiaji havilingani kama vinavyolingana katika orodha za watengenezaji.

2.0 Uzinduzi kama Matini

Uzinduzi wa mfumo endeshi ni utendaji wenye jukwaa, hadhira na maneno yaliyopimwa. Windows 95, iliyozinduliwa tarehe 24 Agosti 1995, ndiyo iliyoweka kielelezo: bidhaa ya kiufundi iliuzwa kwa muziki, matangazo na foleni za usiku wa manane. Miaka 20 baadaye mtindo ulibadilika. Windows 10 iliadhimishwa katika miji 13, Nairobi ikiwa mmojawapo, na Nadella alifika hadi Nanyuki kuuona mradi wa Mawingu, uliokuwa ukipeleka intaneti vijijini kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyotumika na umeme wa jua. Miezi michache kabla ya hapo kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mfumo huo ungepatikana katika nchi 190 na lugha 111.

Matini hayo yana mambo matatu ya kuhakikiwa. La kwanza ni uchaguzi wa mahali. Kwa kuja Kenya, kampuni ilisema kwamba mustakabali wa kompyuta uko pia Afrika Mashariki. Ujumbe huo ulikuwa wa kweli na wa heshima, na haufai kubezwa. La pili ni idadi. Nchi 190 na lugha 111 ni takwimu zinazohesabu milango bila kueleza kila mlango unafunguka kiasi gani. Lugha iliyotafsiriwa kikamilifu na lugha iliyotafsiriwa kwa sehemu tu zote zilihesabiwa kuwa lugha moja moja. La tatu ni neno lenyewe la huduma. Microsoft iliieleza Windows 10 kuwa huduma endelevu, tofauti na bidhaa inayonunuliwa mara moja: mfumo ungekuwa ukisasishwa daima. Hili ndilo jambo zito kuliko yote, kwa sababu linatupa kipimo ambacho kampuni ilijiwekea yenyewe. Ikiwa mfumo ni huduma, basi lugha ya mfumo nayo ni huduma, na hupimwa kwa kudumu kwake kuliko kwa siku ya sherehe.

Inafaa kutambua pia kwamba mradi uliotembelewa Nanyuki ulikuwa na jina la Kiswahili. Siku ile lugha ilitoa jina, ikapamba tukio na kulipa mizizi ya mahali. Katika sehemu inayofuata tunauliza lugha hiyo ilipewa nini ndani ya mfumo.

3.0 Kiolesura cha Kiswahili Kikisomwa kutoka Mururu

Kiswahili hakikuanzia Windows 10. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini kwa Kiswahili. Katikati ya muongo huo Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha kiolesura cha Kiswahili kwa Windows XP. Kinyarwanda kiliongezwa katika kipindi cha Windows 8, iliyozinduliwa Oktoba 2012.

Wahakiki wa Kiswahili walizipokea kazi hizi kwa mjadala wa istilahi. Je, eneo-kazi ni tafsiri nzuri, au ni kivuli cha meza ya ofisi ya Kizungu? Je, kipanya kinafaa, ilhali Dar es Salaam neno hilo limewahi kuwa jina la basi dogo la abiria? Je, tuseme nywila au nenosiri, kompyuta au tarakilishi? Mjadala huo ulikuwa na faida. Maneno kama hifadhi, futa, ghairi na mipangilio leo yanasomeka bila kukwaza. Hata hivyo, mtumiaji wa Mururu anakwazwa na mambo matatu ambayo mjadala wa istilahi haukuyagusa.

3.1 Lugha iliyofungwa kwenye nchi

Katika Windows, Kiswahili kilitambulishwa kwa alama ya Kenya. Aliyechagua muundo wa kimaeneo wa Kiswahili alipewa pamoja nao shilingi ya Kenya, na ilimpasa ajue mwenyewe jinsi ya kurekebisha. Mpangilio huu unatokana na fikra kwamba kila lugha ina nchi yake. Hazina ya data za lugha na maeneo ya Muungano wa Unicode, iitwayo CLDR, ambayo mifumo endeshi mingi huitegemea, ilikwenda mbele zaidi kwa kukipa Kiswahili nchi nne: Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Rwanda katika hazina hiyo imeandaliwa data za Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sheria ya mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa rasmi mbele ya serikali, lakini haikukifanya rasmi mbele ya mashine.

Upungufu huu una gharama ya vitendo. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Mururu anayeandaa orodha ya bei kwa ajili ya mteja wa Bukavu. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, kwa mujibu wa CLDR, elfu moja na mia tano huandikwa 1,500. Katika Kiswahili cha Kongo idadi hiyo huandikwa 1.500, na Kinyarwanda kinafuata desturi hiyohiyo ya nukta. Mteja aliyezoea desturi ya Kongo akiiona 1,500 anaweza kuisoma kuwa moja na nusu. Lugha ni moja na mto ni mmoja, lakini kinachoitwa Kiswahili kwenye skrini kinabeba desturi ya nchi ambayo hakuna kati yao aliyemo. Kwa jedwali la bei hilo ni kosa la kurekebishwa kwa simu. Kwa kipimo cha dawa au hati ya forodha, si hivyo.

Suala la Kiswahili cha Kongo linastahili neno zaidi. Matoleo ya awali ya CLDR yaliandika majina ya miezi na siku jinsi yanavyosikika huko: mwezi ya pili, mwezi ya munane, na siku ya yenga kwa Jumapili. Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili sanifu huona upesi kwamba upatanisho wa ngeli umevunjwa. Msomaji wa Rusizi anaisikia sauti ya jirani. Uhakiki wa haki hauwezi kuishia kwenye kosa la sarufi. Unapaswa kuuliza ni nani aliyeulizwa kabla data hizo hazijaingizwa, na ni nani ana mamlaka ya kuzibadilisha. Swali hilo la mamlaka ndilo tulilolipuuza.

3.2 Mapengo yanayozibwa kwa Kiingereza

Kifurushi cha kiolesura cha Kiswahili kilitafsiri sehemu zinazotumika zaidi, na sehemu zilizosalia zilionekana kwa lugha ya msingi, ambayo ilikuwa Kiingereza. Kwa mtumiaji wa Nairobi hili ni usumbufu mdogo. Kwa mtu wa makamo wa Mururu aliyesoma shule kwa Kifaransa, ni ukuta. Anachagua Kiswahili kwa sababu anakielewa, kisha anapofika kwenye onyo la hatari, ambalo ndilo aghalabu halikutafsiriwa, anakutana na lugha ambayo hakufundishwa. Mantiki ya mfumo ilidhani kwamba nyuma ya kila mzungumzaji wa Kiswahili amesimama msomaji wa Kiingereza. Dhana hiyo ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kiisimu: inarudia ramani ya makoloni ya Uingereza, na inawasahau Waswahili wa Rwanda, Burundi na Kongo.

3.3 Saa

Pande zote mbili za mto Rusizi, saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko. Kinyarwanda nacho huhesabu hivyo, na huazima hata neno lenyewe la saa. Kompyuta huandika 07:00. Kila anayetumia kiolesura cha Kiswahili hulazimika kutafsiri kimoyomoyo kwa kuondoa saa sita. Inaweza kudaiwa kwamba hili ni jambo dogo, au kwamba haliwezekani kiufundi. Dai la pili halisimami. Windows ina kalenda ya Kibuddha ya Thailand, kalenda ya enzi za wafalme wa Japani na kalenda ya Hijria. Mfumo unaoweza kubadili hesabu ya miaka unaweza kubadili hesabu ya saa. Kilichokosekana ni mtu wa kulidai jambo hilo kwa niaba ya wasemaji.

4.0 Lugha Inapoondolewa

Tarehe 5 Oktoba 2021 Windows 11 ilizinduliwa. Orodha ya lugha za kiolesura chake ilikuwa fupi kuliko ya mtangulizi wake, na Kiswahili na Kinyarwanda havikuwamo. Wiki chache baadaye, tarehe 23 Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Katika kipindi kimoja, basi, lugha ilipewa siku ya kuadhimishwa na ikanyimwa skrini ya kufanyia kazi. Tuliishangilia habari ya kwanza, na ile ya pili haikupata makongamano.

Athari yake haikuonekana mara moja kwa sababu Windows 10 iliendelea kutumika. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia kikomo, na baada ya hapo masasisho ya usalama hupatikana kwa mpango wa nyongeza wa muda tu. Aidha, Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mtumiaji aliyekuwa akifanya kazi kwa Kiswahili sasa anawekewa mizani isiyo ya haki: abaki na lugha yake katika mfumo usiolindwa, au alindwe katika lugha nyingine. Hapa ndipo uhakiki wa kiolesura unapokuwa suala la sera ya umma.

Je, Kiswahili kiliondolewa kwa sababu kina wasemaji wachache? UNESCO inakitaja kuwa lugha ya watu zaidi ya milioni 200. Windows 11 imebaki na Kiaislandi, lugha ya watu wasiofikia nusu milioni, pamoja na Kimalta, Kilasembagi na Kiwelisi. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Lugha hizo zinastahili nafasi zao. Ila zinatufundisha kwamba wingi wa wasemaji peke yake hauilindi lugha. Kimalta ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Kiwelisi kina sheria inayozibana taasisi za umma. Serikali ya Iceland ilijadiliana na Microsoft moja kwa moja hadi ikapata, mwaka 1999, ahadi ya Windows 98 kutafsiriwa, nayo kwa upande wake ikaahidi kupambana na nakala haramu. Nyuma ya kila lugha iliyobaki kuna mnunuzi, sheria au serikali iliyoketi mezani. Nyuma ya Kiswahili kulikuwa na makofi.

5.0 Hoja Pinzani

Hoja ya kwanza pinzani ni kwamba watu wachache waliutumia uso wa Kiswahili, hata miongoni mwa wanaokizungumza, na kampuni haiwezi kugharimia kitu kisichotumika. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wengi wamejifunza kompyuta kwa Kiingereza, na neno la Kiingereza kwenye kitufe wanalijua kwa umbo lake kama wajuavyo alama ya barabarani. Lakini mahitaji hayawezi kupimwa kwa haki pale ambapo bidhaa imefichwa. Kifurushi cha Kiswahili kilipaswa kutafutwa na kupakuliwa kwa intaneti ya kulipia, kwa maelekezo ya Kiingereza, na kompyuta zilifika dukani na shuleni bila hicho. Kutotumika kwake kunashuhudia jinsi kilivyosambazwa kabla ya kushuhudia chochote kuhusu wasemaji.

Hoja ya pili ni kwamba suluhisho ni programu huria, ambazo jamii inaweza kuzitafsiri bila kuomba ruhusa. Kimsingi ni kweli, na Kilinux ilithibitisha kwamba chuo kikuu cha Afrika Mashariki kinaweza kufanya kazi hiyo mapema na kwa ubora. Hata hivyo, leseni huria hulinda haki ya kutafsiri bila kumlipa mtafsiri wa mwakani. Programu hubadilika kila baada ya miezi michache, na tafsiri isiyo na bajeti ya kudumu huchakaa hata kama ni mali ya wote. Kwa hiyo programu huria hubadilisha mwenye mali, lakini haliondoi swali letu la nani anawajibika kuidumisha lugha.

Hoja ya tatu ni kwamba simu zimeichukua nafasi ya kompyuta, na Android ina Kiswahili. Ni faraja ya kweli kwa watumiaji wengi. Lakini hati za serikali, mahesabu ya biashara, mitihani na kazi za uandishi bado hufanyika kwenye kompyuta. Lugha inayoruhusiwa kupiga soga na kukatazwa ofisini imerudishwa kulekule ilikotolewa na sheria za mwaka 2017.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu hauilaumu kampuni moja kwa kufuata masilahi yake. Unaeleza kwamba uzinduzi kwa soko la dunia ni ahadi, na ahadi isiyo na mdai haimfungi mtu. Kwa msingi huo mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, iwasilishe katika CLDR data rasmi za Kiswahili cha Rwanda na cha Burundi: sarafu, uandishi wa namba, tarehe na hesabu ya saa. Hazina hiyo hupokea michango, na kazi yenyewe ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kongamano moja. Wasemaji wa mipakani washirikishwe, ili tofauti za Kiswahili cha Kongo zijadiliwe na wenyewe kabla ya kuandikwa.

Pili, mikataba ya ununuzi wa umma wa kompyuta iwe na sharti kwamba kiolesura cha Kiswahili kiwepo tangu siku ya kukabidhiwa na kidumishwe kwa muda wote ambao mfumo unapata masasisho ya usalama. Nchi moja ikidai peke yake, sauti yake ni ndogo. Nchi za Jumuiya zikidai kwa pamoja, zinakuwa mnunuzi asiyepuuzika.

Tatu, watengenezaji watakiwe kumruhusu mtumiaji kuchagua lugha ya kuziba mapengo, ili msomaji wa Kifaransa asisukumiwe Kiingereza pale tafsiri inapokosekana.

Nne, istilahi na tafsiri zinazotengenezwa kwa fedha au jasho la umma zihifadhiwe katika hazina ya wazi chini ya taasisi kama BAKITA, TATAKI na, kwa upande wa Kinyarwanda, Inteko y'Umuco. Kampuni ikiondoka, kazi isiondoke nayo.

Mururu yenyewe inatoa mfano kwamba hili linawezekana. Mto Rusizi unapotoka Ziwa Kivu huzungusha mitambo ya umeme ambayo jina la Mururu limefungamana nayo. Mtambo wa Rusizi II, ulioanza kazi mwaka 1989, unamilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo kupitia kampuni ya SINELAC. Nchi hizo zimepitia misukosuko mikubwa, na mahusiano yao yamekuwa magumu mara nyingi, lakini mtambo umeendelea kuwa wa tatu, kwa sababu mkataba uliandikwa kabla ya taa kuwashwa. Leo nchi zote tatu ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na zote zina wasemaji wa Kiswahili. Zilikwisha kujua jinsi ya kumiliki maji ya mto mmoja kwa pamoja. Kazi iliyobaki ni kuimiliki lugha kwa namna hiyohiyo, ili mfumo ujao utakapozinduliwa, makubaliano ya kukidumisha Kiswahili ndani yake yawe yamekwisha kutiwa saini.